Damu ya Nyani Aliyetulia

Kuna jambo katika kazi ya Robert Sapolsky ambalo tangu nilisome halijaniachia: namna ya kumchoma nyani sindano bila nyani mwenyewe kujua.

Mmarekani huyu, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, alifika Kenya mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka 21, na kwa miongo kadhaa akawa anarudi Maasai Mara kuwafuata nyani walewale. Alitaka kujua maisha ya kila siku yanafanya nini ndani ya mwili. Alihitaji damu, tena damu ya kiumbe aliyetulia, na hapo ndipo penye kazi.

Silaha yake ilikuwa bomba refu la kupuliza kwa mdomo, ndani yake kisindano cha dawa ya usingizi. Nyani awe amempa mgongo. Iwe asubuhi, saa zilezile kila mara, maana homoni ya kotisoli huwa juu alfajiri na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Ukimpima mmoja saa moja asubuhi na mwingine saa kumi jioni, umepima jua, hukupima nyani. Asiwe amepigana siku hiyo, asiwe amepanda jike, asiwe mgonjwa. Akishachomwa, anafuatwa polepole bila kukimbizwa mpaka alale, huku mtafiti akichunga hasimu wake asije akamrukia angali amelewa dawa. Kisha damu itolewe upesi, kabla mshtuko haujaivuruga. Subira yote hiyo ni ya kumuuliza mnyama swali moja tu: pale ambapo hakuna linalokusibu, mwili wako ukoje?

Jibu linauma. Nyani wa Mara hushiba kwa saa chache, na simba hawaji kila siku. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Aliyepigwa na mkubwa humgeukia mdogo, mdogo naye hutafuta jike wa kummalizia hasira. Sapolsky aliona kwamba kundi likishatulia katika ngazi zake, madume wa chini huwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamekaa tu, hawaguswi na mtu. Ila wenye marafiki, wale wanaoshinda na majike na watoto wakitoana chawa, walikuwa na nafuu.

Kotisoli yenyewe si sumu. Hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na kuupa mwili nguvu ya kukabili hatari. Punda milia, anaeleza Sapolsky katika kitabu chake cha mwaka 1994, hukimbizwa na simba, akaliwa au akapona, na jambo likaishia hapo. Binadamu huiamsha homoni hiyohiyo kwa ajili ya deni, kodi ya nyumba na bosi, mwaka nenda mwaka rudi. Ikikaa juu muda mrefu, husinyaza matawi ya seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu na ambayo pia husaidia kuishusha kotisoli. Moto unaunguza mtungi wa kuzimia moto.

Na serotonini, ile kemikali ya ubongo? Wengi tumeambiwa kwamba sonona ni upungufu wake. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff wa London mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa hilo. Vidonge vingi vya sonona hupandisha serotonini baina ya seli ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kuona nafuu baada ya wiki kadhaa. Vinawasaidia wengi, na aliyeandikiwa asiviache bila daktari wake. Katikati ya saa hizo na wiki hizo kunatokea nini? Wapo wanaosema ubongo huanza kuchipua upya, hasa kwenye hipokampasi ileile, wengine hawakubali. Na mgonjwa anayerudi kila jioni kwa mtu anayemdhalilisha, kidonge peke yake kitamfikisha wapi?

Turudi kwa nyani. Katikati ya miaka ya 1980, nyama yenye kifua kikuu kwenye jalala la hoteli ya watalii iliua karibu nusu ya madume wa kundi moja la Sapolsky. Walikufa wababe, maana ndio waliokuwa wakienda kupigania jalala. Walibaki wapole na majike, na ugomvi ukapungua. Kufikia mwaka 1993 hata madume wale wapole hawakuwepo tena. Waliokuwepo walikuwa wageni, wamekulia kwenye makundi ya ubabe wa kawaida. Upole ukabaki, na wanyonge wa kundi hilo hawakuwa na kotisoli ya wanyonge wa kwingine.

Sapolsky na mwenzake Lisa Share, walipoyachapisha haya mwaka 2004, walielekeza macho kwa majike: kwa kuwa hawakuwa wakipigwapigwa, walimkaribisha mgeni na kumtoa chawa mapema kuliko majike wa makundi mengine. Kama ni hivyo, hakuna aliyemfundisha yule dume upole. Alipokewa vizuri tu, mwili wake ukafanya mengine. Kama sivyo, nani alimfundisha, na kwa njia gani?