Tunasifu moto, tunasahau maji

Katika makanisa yetu neno "moto" ni sifa. Kwaya ikiimba vizuri tunasema ina moto. Mhubiri akitutikisa tunasema ni mtumishi wa moto. Kijana asiyekosa mkesha, semina wala ziara ya wagonjwa tunamwita kijana wa moto. Si vibaya. Lakini ni lini mara ya mwisho ulisikia mtu akisifiwa kanisani kwa sababu ana maji?

Mpendwa msomaji, Jumapili hii twende tukajifunze kwa watu wanaojenga injini ndogo za garimoshi.

Nchini Uingereza, na katika nchi nyingine kadhaa, kuna watu ambao burudani yao ni kutengeneza injini za mvuke zilizopunguzwa ukubwa. Si midoli ya betri. Ni injini kamili: zina jiko la makaa ya mawe, boila ya shaba, pistoni na magurudumu. Reli zake zina upana wa inchi tatu na nusu, inchi tano, au inchi saba na robo. Mtu hujifungia katika karakana ya nyumbani jioni baada ya jioni, akikereza vyuma na kuunganisha shaba kwa lehemu ya fedha. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka. Jarida lao, Model Engineer, lilianza mwaka 1898.

Zamani wengi waliamini kwamba injini ndogo kiasi hicho haiwezi kuchoma makaa ya mawe na kuvuta watu wazima. Fundi mmoja aliyeandika kwa jina la herufi LBSC alibisha. Mwaka 1924, jijini London, injini yake iitwayo Ayesha, ya reli yenye upana wa inchi mbili na nusu tu, ilionyesha kwamba inawezekana. Udogo haukuwa kikwazo. Leo vyama vya mafundi hao huwapakia watoto na wazazi wao kwenye vibehewa, mara nyingi siku za Jumapili.

Sasa tazama jinsi injini hiyo inavyowashwa. Kwanza maji hutiwa kwenye boila. Kisha mkaa uliolowekwa mafuta ya taa huwashwa ndani ya jiko, na feni ndogo huwekwa juu ya dohani ili kuvuta hewa. Presha ikipanda, feni huondolewa. Kuanzia hapo injini inajipulizia yenyewe. Mvuke ukishasukuma pistoni hutokea kwenye dohani kwa kishindo, na ukitoka huvuta hewa mpya kupitia makaa. Kwa hiyo injini ikifanya kazi zaidi, moto wake huwaka zaidi.

Hapo ndipo wengi wetu tungepiga makofi. Kumbe utumishi wenyewe unachochea moto! Ni kweli. Aliyewahi kumtembelea mgonjwa akarudi nyumbani na furaha kuliko aliyokwenda nayo anajua jambo hilo.

Lakini kuna upande wa pili. Moto ukiwaka zaidi, maji huisha haraka zaidi. Injini inayovuta mabehewa mengi ndiyo inayohitaji kuongezwa maji mara kwa mara, si ile iliyosimama kituoni.

Ndiyo maana macho ya dereva hayabanduki kwenye bomba dogo la kioo linaloonyesha kina cha maji. Maji lazima yafunike paa la jiko wakati wote. Yakishuka chini ya paa hilo, shaba hupata moto bila kitu cha kuipoza, huanza kulegea, na kilichokuwa chombo cha furaha huwa hatari kwa wote walio karibu. Kila mama anajua sufuria ya maharage iliyokaukia jikoni inavyokuwa. Moto haukuwa na kosa. Maji ndiyo yaliyokwisha.

Wala udogo haupunguzi sheria. Ukifika Makumbusho ya Reli Nairobi utaiona injini namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Uzito wake ni zaidi ya tani 250. Injini inayobebwa na watu wawili inafuata sheria ile ile: bila maji, moto unaangamiza.

Nabii Eliya alikuwa mtu wa moto kweli kweli. Juu ya mlima Karmeli moto ulishuka mbele ya taifa zima. Lakini sura inayofuata, 1 Wafalme 19, inamwonyesha amelala chini ya mti jangwani, akiomba afe. Mungu alifanya nini? Hakuanza kwa kumkemea. Hakumpangia mkutano mwingine. Alimpa usingizi, mkate, na gudulia la maji. Akalala tena, akapewa tena. Safari ya Horebu ilifuata baadaye.

Tuna akina Eliya wangapi makanisani? Ni yule katibu wa jumuiya anayeandika kila barua. Ni mwalimu wa shule ya Jumapili asiyepumzika mwaka mzima. Ni mke wa mchungaji anayepokea wageni huku hakuna anayemuuliza habari zake. Tunaona mvuke unatoka, tunasema wana moto. Kioo chao hatukitazami.

Mafundi hawa wanatufundisha mambo mawili. La kwanza, kioo chenyewe kinaweza kudanganya kikiziba. Kwa hiyo dereva hufungua kikoki chake ili kupata uhakika. Nasi tusiridhike na "Bwana asifiwe, niko salama." Tukae na ndugu yetu, tuulize tena. Na boila mpya haibebi abiria kabla ya kupimwa kwa maji yenye presha mara mbili ya ile ya kazi. Anayepima si mwenye boila. Mganga hajigangi. Mtumishi asiye na mtu wa kumkagua yuko hatarini, na walio nyuma yake pia.

La pili, maji yakitoweka kwenye kioo, dereva hapaswi kuendelea hadi kituoni kwa sababu abiria wanashangilia. Hushusha moto mara moja. Safari inakatishwa, watoto wanasikitika, lakini boila inapona. Kuna ndugu anayehitaji kupunguziwa majukumu leo, si kuongezewa semina ya kuchochewa. Kumpumzisha si kumzima. Ni kumhifadhi.

Bwana Yesu mwenyewe, umati ukiwa bado unamtafuta, alijitenga mahali pa faragha akaomba (Luka 5:16). Wagonjwa walikuwa hawajaisha. Alikwenda hivyo hivyo.

Leo baada ya ibada, kabla ya kikao kile cha kamati, mtafute mmoja anayevuta mabehewa mengi kanisani kwenu. Usimsifu moto wake. Muulize habari ya maji, kisha uchukue kazi yake moja, uifanye wewe.