Mwalimu Mkuu na Dawa ya Minyoo

Mara nyingi twasikia mwalimu akinung'unika: "Nalitaka watoto wapewe dawa ya minyoo, lakini mwalimu mkuu hataki." Twamhukumu upesi. Pengine hakukataa kwa ugumu wa moyo. Mitihani yamngoja, madawati hayatoshi, na mtoto mmoja akitapika baada ya kumeza kidonge, wazazi watakuja mlangoni kwake, si kwako.

Basi usimwendee na maneno ya uganga. Mwendee na daftari lake mwenyewe la mahudhurio, umwonyeshe majina ya wale wakosao kufika kila juma. Safura hunyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa damu, hata akifika, hukaa darasani kama asiyekuwapo.

Kisha msimulie habari za Busia, magharibi ya Kenya. Huko shule 75 ziligawanywa mafungu matatu: 25 zilianza kupewa dawa mwaka 1998, 25 mwaka 1999, na 25 za mwisho mwaka 2001. Kwa hiyo waliopewa waliweza kulinganishwa na waliokuwa wakingoja. Edward Miguel na Michael Kremer, walioandika habari hizo, waliona kutohudhuria kumepungua kwa robo. Hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa wenzao hawakuyaeneza tena mayai ya minyoo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizibishia hesabu hizo. Mwambie na hilo pia, asije akalisikia kwa mwingine akakudhania mdanganyifu.

Neno la fedha lisikupite. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule hizo walitakiwa kulipa kidogo. Ilipotolewa bure, watoto 75 katika kila 100 waliimeza dawa. Ilipolipiwa, 18 tu. Basi ukimshauri mwalimu mkuu kutoza hata senti chache, umeiharibu kazi kabla haijaanza.

Mwombe awaite wazazi mapema, waulize yote wanayoyaogopa, na aliye mgonjwa siku ile asimezeshwe. Naye akikuuliza, "Nani atakaa na mtoto akitapika?" usiondoke mpaka jina la mtu huyo limeandikwa, na kama ni lako, liandike.