Gari Lenye Homa za Vipindi

Ilikuwa saa tisa usiku, wakati wa masika ya mwaka 2018, huku kwetu Mbagala. Binti wa jirani alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na gari lililokuwa karibu lilikuwa letu. Tukamkalisha kiti cha nyuma na mama yake pembeni. Baba wa nyumba akageuza ufunguo. "Tik." Akageuza tena. "Tik." Mara ya tano ndipo injini ikanguruma. Tulifika hospitali kwa wakati, na mtoto akazaliwa salama kabla hakujapambazuka. Lakini tulirudi nyumbani kimya, kila mmoja akiwaza ingekuwaje kama mara ya tano nayo ingekataa.

Gari lenyewe ni dogo, la mwaka 1998, lililokuja hapa likiwa limeshatumika Japani. Akina mama wengi mnalo la namna hiyo na mnajua taabu zake. Ubaya wa letu ni kwamba halikuwa bovu kila siku. Ukilipeleka gereji linawaka kama jipya! Sisi wauguzi tunamfahamu mgonjwa wa aina hiyo. Homa humtesa usiku kucha, lakini akifika zahanati joto limeshuka, na wenzake kwenye foleni wanamtazama kama mtu aliyekuja kupoteza muda.

Kabla ya usiku ule tulikuwa tumeshatibu bila kupima. Fundi wetu alisema betri imechoka, tukanunua betri. Wiki tatu baadaye, "tik." Akasema basi ni stata. Tukaenda Gerezani tukanunua stata iliyotumika, kwa fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ada ya muhula. Jua lilipowaka gari lilitulia, mvua iliporudi nalo likarudia. "Shemeji, magari ya zamani ndivyo yalivyo," akatuambia. Maneno hayo yalituuma, maana ada haikuwa ya zamani.

Baada ya usiku wa yule binti tulikumbuka chati ya joto inayoning'inia kwenye kitanda cha mgonjwa. Tukachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, tukaliweka garini. Kila gari lilipokataa tuliandika saa, kama mvua ilinyesha, kama injini ilikuwa ya baridi au ya moto, taa za dashibodi zilifanya nini, na ni kitu gani kililiwasha hatimaye. Baba wa nyumba alicheka mwanzoni. Wiki ya pili alikuwa akiandika mwenyewe.

Daftari lilituonyesha mambo ambayo macho yetu yalikuwa yakiyapita. Karibu mara zote ilikuwa asubuhi au usiku baada ya mvua. Kila "tik" iliposikika, taa za dashibodi hazikufifia hata kidogo, ilhali betri iliyochoka huzifanya zififie. Tena, jirani alipotubusti kwa gari lake, letu liliwaka papo hapo, ndiyo maana kila mtu aliilaumu betri. Lakini jirani yule ni mwangalifu. Ile waya nyeusi alikuwa akiibana kwenye chuma cha injini yetu, si kwenye betri.

Tulimpelekea daftari hilo kijana mmoja wa Tandika, fundi umeme wa magari. Alilisoma mara mbili, akauliza, "Mama, nani ameandika hivi?" Kisha akaeleza. Umeme hutoka kwenye betri kwenda kwenye stata, na lazima urudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya mnene wa ethi. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, stata haipati nguvu hata kama betri ni mpya. Waya ya jirani ilikuwa ikiupa umeme njia nyingine ya kurudi.

Akatoa kipima umeme, akagusisha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akasema tuwashe. Hapo inatakiwa isomeke chini ya nusu volti. Yetu ilisoma volti 3. Alipofungua bolti ya ethi, ambayo kwa juu ilionekana imekaza vizuri, chini yake tukaona unga mweupe na wa kijani. Huku pwani chumvi na unyevu hazina huruma. Akapiga msasa, akaweka waya mpya, akakaza, akapaka grisi. Gharama yote haikufika robo ya bei ya ile stata.

Kipima umeme sasa tunacho, na hesabu zake si ngumu kuliko za chupa ya dripu. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5, na ikiwa chini ya 13 tazama mkanda na altaneta. Unga wa kwenye vichwa vya betri husafishwa kwa maji ya moto na bekingi soda, ukianza kufungua waya hasi na kuufunga mwisho. Vaa glavu, na mtu asiwashe sigara hapo.

Chunguza pia nyuma ya redio. Redio nyingi za Japani huanzia masafa ya 76 na kuishia 90, kwa hiyo hapa zinakosa stesheni nyingi, na mafundi huzibadili na kuunga waya kwa utepe tu. Utepe ukilegea, umeme unakuja na kuondoka. Na fyuzi ya 10 ikiungua, usikubali iwekwe ya 30 wala karatasi ya sigara. Waya ndiyo itakayoungua, na watoto wako ndani.

Daftari bado liko garini. Mstari wa mwisho unasema: taa ya breki ya kushoto, huzima tukipita kwenye matuta, haihusiani na mvua. Yule kijana wa Tandika anakuja Jumamosi.