Chupa Yenye Maandishi ya Rangi

Mama, itazame chupa unayotilia mawese. Huenda ilikuwa ya pombe au ya soda, nawe uliinunua tupu hapa Kalemie. Ukaisugua kwa mchanga wa ziwa, ukaichemsha. Kuchemsha ni vema, maana moto huua vijidudu. Lakini madini ya risasi hayafi kwa moto.

Chupa nyingine jina lake halimo katika karatasi, limeandikwa kwa rangi iliyochomwa juu ya kioo. Mwaka 2019 Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alitangaza habari za chupa alizozipima kwa mionzi, jamaa ya ile ipigayo picha za mifupa. Katika rangi ya chupa kadhaa za divai aliona risasi hata sehemu 80,000 katika milioni. Kiasi kinachoruhusiwa katika rangi za nyumbani ni 90 tu! Si kila rangi ina risasi, lakini kwa macho hutaitambua.

Risasi iliyomo ndani ya kioo chenyewe imefungwa, haitoki upesi. Rangi ya nje ndiyo hubanduka. Basi usiisugue kwa mchanga, wala usimpe mtoto aichezee, kwa kuwa mkono wake huenda kinywani. Risasi ikiingia damuni mwake huharibu akili inayokua, na hakuna kiasi kidogo kijulikanacho kuwa salama. Kwa mawese, chagua chupa isiyo na rangi ya maandishi.