Siku 28 za Vidonge au Sindano Moja?

Mbwa wangu Simba aliacha kula siku ya Jumatatu. Jumatano nikamfunua mdomo, nikakuta fizi zimepauka na pua inachuruzika damu. Duka moja la dawa za mifugo likaniuzia sindano ya oksitetrasaiklini, ile wanayochomwa ng'ombe, likaniahidi kesho yake angekuwa mzima. Alichangamka siku tatu, kisha akalala chini tena.

Daktari wa mifugo akanieleza kuwa ni erlikiosisi, ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kupe wa kahawia. Huvamia chembe nyeupe za damu, na chembe sahani zinazogandisha damu hupungua. Sindano moja haidumu mwilini kiasi cha kuwamaliza.

Kinachotakiwa ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, siku 28 mfululizo. Simba ana kilo 20, kwa hiyo ni kapsuli mbili za miligramu 100 kila siku, jumla 56. Ni dawa ileile ya binadamu, na katika maduka ya dawa ni ya bei nafuu mno ukilinganisha na vidonge vyenye chapa ya mbwa. Omba cheti cha daktari, ununue huko. Mpe pamoja na chakula. Mimi nilizificha ndani ya tonge la ugali na dagaa. Wengi huacha wiki ya kwanza mbwa akianza kutikisa mkia, na hapo ndipo hela hupotea kweli, maana ugonjwa ukifika kwenye uboho huenda akahitaji kuongezewa damu.

Imidokabu ni sindano ya babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Kipimo kikionyesha erlikiosisi peke yake, usiilipie. Wala usirudie kipimo cha kingamwili ili kujua kama amepona, kwa sababu kingamwili hubaki miezi mingi. Lipia hesabu ya chembe sahani.

Kwa kupe, dawa ya kuogesha ya amitrazi ni rahisi, ila lazima uipime sawasawa na kuirudia mara kwa mara. Kidonge cha miezi mitatu kinauma mfukoni, lakini nimekichagua kwa sababu sisahau. Kupe huyu hutaga ndani ya nyumba, mayai maelfu kwenye nyufa. Za banda la Simba nimeziziba kwa saruji. Mfuko mmoja ulitosha na ukabaki.