Je, Wajua? Ulikuwa Wapi Habari Ilipofika?

Je, wajua kwamba kuna swali ambalo mtu mzima huanza kulijibu kabla hujalimaliza? Muulize mzee wa Zongwe, teritwari ya Kalemie, jimbo la Tanganyika, nchini Kongo: "Baba, siku Mzee Kabila alipouawa ulikuwa wapi?" Huenda amesahau alichokula juzi, lakini hapo atakutajia mahali alipoketi, mtu aliyekuja mbio kumwambia, na redio ilikuwa ya nani.

Je, wajua kwamba wataalamu wanalichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 120 sasa? Mwaka 1899 Mmarekani F. W. Colegrove alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi waliposikia kwamba Rais Abraham Lincoln amepigwa risasi. Lincoln aliuawa mwaka 1865. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita, na bado watu 127 walieleza kinagaubaga.

Je, wajua kwamba masimulizi haya yana umbo lilelile karibu kila mahali? Mwaka 1977 wanasaikolojia Roger Brown na James Kulik waliona kwamba watu hutaja mambo sita: mahali walipokuwa, walichokuwa wakifanya, aliyewapa habari, walivyojisikia wao, walivyojisikia wengine, na kilichofuata hapohapo. Msikilize mama yeyote wa Kalemie akisimulia siku ya habari mbaya, utayahesabu yote sita.

Na je, wajua kwamba utafiti huohuo ulionyesha kuwa kila watu wana habari zao? Brown na Kulik waliwauliza Wamarekani weusi 40 na weupe 40. Kuhusu kuuawa kwa Martin Luther King, asilimia 75 ya weusi walikuwa na kumbukumbu ya aina hiyo. Kwa weupe ilikuwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo anayetaka kujua ni habari gani iliyowagusa watu wa mahali fulani asitazame magazeti ya siku ile. Awaulize walikuwa wapi.

Chukua wiki moja ya mwaka 1997. Tarehe 31 Agosti Diana, binti wa kifalme wa Uingereza, alikufa Paris. Tarehe 5 Septemba Mama Teresa akafariki Calcutta. Tarehe 7 Septemba Mobutu Sese Seko akafia Rabat, Moroko, baada ya kuitawala Kongo kwa karibu miaka 32. Vitabu vinavyoandika juu ya kumbukumbu za aina hii humtaja Diana mara nyingi. Mobutu ni nadra kuonekana humo, sawa na mamilioni ya watu waliozaliwa, wakaoa na kuzaa chini ya picha yake.

Je, wajua kwamba zamani katika nchi hizi habari ya dunia ilifika kwa miguu? David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873, kusini-mashariki mwa Ziwa Bangweulu. Wenzake, Chuma na Susi wakiwa mbele yao, waliukausha mwili wake na kuubeba kuelekea pwani. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, akiugua homa, alipoletewa barua ya msiba huo mwezi Oktoba. Habari ilikuwa na zaidi ya miezi mitano, na aliyeifikisha alikuwa Chuma mwenyewe, kwa nyayo zake. Cameron aliendelea na safari, na Mei 1874 akafika mahali mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo mji wa Kalemie ulipo leo.

Je, wajua kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha Ulaya huku askari wa Afrika Mashariki wakiendelea kupigana? Risasi zilinyamaza Ufaransa tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari na wapagazi wake waliokuwa wakisema Kiswahili, alipata habari siku ya tatu, tarehe 14, kwenye mto Chambeshi katika Zambia ya leo. Akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, si mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi waliofia njiani katika siku zile walikufa katika vita ambavyo tayari vilikuwa vimekwisha.

Je, wajua kwamba mtu anayekumbuka "siku Lumumba alipouawa" anakumbuka siku nyingine kabisa? Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Serikali ya Katanga iliyokuwa imejitenga ilikaa kimya. Tarehe 13 Februari waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, aliwaita waandishi wa habari akasema Lumumba alitoroka na wanakijiji wakamuua. Siku 27 zilikuwa zimepita, na habari yenyewe ilikuwa ya uongo. Kaskazini mwa Katanga, mji wa Albertville, Kalemie ya leo, ukiwa ndani yake, Wabaluba wengi walikuwa wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, waliopinga kujitenga huko. Tangazo lile liliwahusu kwa karibu. Sendwe naye aliuawa hapohapo Albertville, Juni 1964. Mji ukaitwa Kalemie mwaka 1966.

Hapa kuna jambo ambalo watafiti wa Marekani hawakulazimika kulifikiria sana. Wao walichunguza habari iliyofika mara moja, kwa wote, ikiwa kweli. Kando ya ziwa hili habari kubwa nyingi zilifika vipandevipande: kwanza uvumi, kisha mtu wa kukanusha, kisha redio ya nchi nyingine, mwisho serikali. Mtu ana kumbukumbu tatu au nne za habari moja, na zote zaweza kuwa za kweli.

Kifo cha Rais Laurent-Désiré Kabila, yule Mzee Kabila, kinaonyesha hivyo waziwazi. Alipigwa risasi na mlinzi wake mchana wa tarehe 16 Januari 2001, Kinshasa. Jioni ile Kanali Eddy Kapend alionekana kwenye televisheni akiagiza mipaka ifungwe, bila kusema rais ana nini. Wabelgiji wakasema amekufa. Serikali ikasema amejeruhiwa tu, yuko matibabuni nje ya nchi. Tarehe 18 ndipo kifo kilipotangazwa rasmi. Kalemie wakati huo ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma, ng'ambo ya mstari wa vita, kwa hiyo hata kusikitika au kufurahi kulihitaji kuangalia kwanza nani yuko karibu. Anayesema alisikia tarehe 16 na anayesema tarehe 18 hawabishani. Kila mmoja anasimulia dakika aliyosadiki. Leo tarehe 16 na 17 Januari ni sikukuu za taifa, ya Kabila na ya Lumumba, zimefuatana.

Je, wajua kwamba Che Guevara naye aliletewa habari yake ya msiba kando ya ziwa hili? Alivuka kutoka Kigoma akafika Kibamba, Fizi, kaskazini mwa Kalemie, mwezi Aprili 1965. Mwezi Mei mama yake, Celia, alifariki Argentina. Siku chache baadaye Osmany Cienfuegos, waziri kutoka Kuba, alipanda milima hadi kambini na kumwambia kwamba hali ya mama yake ni mbaya sana. Kifo chenyewe alikuja kukijua baadaye, kama wajumbe wetu wanavyojua kuanza na ugonjwa ili moyo ujiandae.

Je, wajua kwamba tangazo la fedha laweza kukaa kichwani sawa na la kifo? Mwishoni mwa Desemba 1979, wakati wa Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si fedha tena. Mipaka ilifungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiwango chenye kikomo. Wakaao karibu na benki walipanga foleni. Wa vijiji vya mbali, wenye akiba chini ya godoro au ndani ya mkebe, waliipata habari siku zimekwisha, wakabaki na karatasi. Mimi naihesabu hiyo kuwa habari nzito kuliko nyingi zilizojaza kurasa za mbele duniani, na walioipata ni wazee sasa.

Je, wajua kwamba ndege ya kwanza iligonga jengo la New York tarehe 11 Septemba 2001 ikiwa saa nane na dakika 46 mchana Kalemie, na saa tisa na dakika 46 ng'ambo ya maji, Kigoma? Ziwa lilelile, saa mbili tofauti. Ukisikia simulizi mbili zimeachana kwa saa nzima, uliza kwanza msimulizi alikuwa ng'ambo ipi.

Na je, wajua kwamba hata Rais wa Marekani alikosea? Mwezi Desemba 2001 George W. Bush alisimulia kwamba aliiona ndege ya kwanza ikigonga, kwenye televisheni, kabla ya kuingia darasani kusikiliza wanafunzi. Haikuwezekana: asubuhi ile hakuna televisheni iliyoonyesha ndege ya kwanza. Wapo waliodhani anaficha jambo. Watafiti wa kumbukumbu hawakushangaa, kwani picha aliyoiona baadaye iliingia mahali pa mapema.

Ushahidi mkubwa wa makosa kama hayo ulikuwa umeshapatikana kabla ya kosa la Bush. Chombo cha anga cha Challenger kililipuka tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi iliyofuata Ulric Neisser na Nicole Harsch, wa Chuo Kikuu cha Emory, waliwapa wanafunzi 106 karatasi ya maswali: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulifanya nini? Baada ya miaka miwili na nusu wakawauliza upya 44 kati yao. Watatu tu waliyapata yote. Kumi na mmoja hawakupata hata moja, na wengi walijibu kwa uhakika kamili. Kisha wakaonyeshwa karatasi walizojaza kwa mkono wao. Hakuna aliyesema "ah, sasa nimekumbuka." Walitazama mwandiko wao wenyewe wakashangaa.

Je, wajua basi ni kumbukumbu ipi isiyoyumba kirahisi? Ile ya tukio lililokupata wewe. Baada ya tetemeko la ardhi la California la Oktoba 1989, Neisser na wenzake walilinganisha waliotikiswa na walioletewa habari wakiwa Atlanta, mbali kabisa. Mwaka mmoja na nusu baadaye waliotikiswa walisimulia karibu bila kosa. Wa Atlanta walikuwa wameshaanza kuchanganya. Sasa rudi Tanganyika. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana kwa saa za Kalemie, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilianzia ziwani. Nyumba ziliporomoka Kalemie, watu wakafa, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi. Huko Nairobi lilikuwa gumzo la siku. Kwa aliyekimbia na mtoto mgongoni huku matofali yakianguka nyuma yake, simulizi lake la leo lastahili kuaminiwa kuliko la wengi.

Je, wajua kwamba furaha nayo hukaa? Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, Kabangu na Kaluyituka, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kalemie ilikuwa bado ndani ya Katanga. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015. Wengi wanakumbuka kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Lakini chunga: Elizabeth Kensinger na Daniel Schacter waliwafuatilia mashabiki wa mpira wa besiboli mwaka 2004 wakaona kwamba wale ambao timu yao ilishinda walijiamini mno na kuchanganya mambo kuliko wale ambao timu yao ilishindwa. Huenda ni kwa sababu mshindi husimulia mara nyingi, na kila mara anaongeza chumvi kidogo.

Je, wajua kwamba Radio Okapi, inayosikika katika lugha tano Kiswahili kikiwemo, ilianza tarehe 25 Februari 2002 tu? Kabla yake aliyetaka habari ya uhakika alitafuta BBC, iliyoanza Kiswahili mwaka 1957, au sauti nyingine za mbali, kwenye redio ya betri. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati kutwa nzima, kisha zikarudishwa, watu wakasogea karibu maana sauti ilikuwa ndogo. Waliobaki walitegemea Radio Trottoir, habari za barabarani, ambazo mara nyingi zilitangulia na mara nyingine zilipotosha.

Na la mwisho, ambalo naona ndilo kubwa. Je, wajua kwamba kusahau hufanyika zaidi katika mwaka wa kwanza? William Hirst na wenzake waliwauliza Wamarekani zaidi ya 3,000 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kisha wakawafuatilia baadhi yao kwa miaka kumi. Mwaka wa kwanza mengi yalipotea au kubadilika. Baada ya hapo simulizi lilishika, na kosa lililoingia likarudiwa mwaka hata mwaka. Makosa kuhusu tukio lenyewe mengine yalisahihishwa, kwa sababu redio na magazeti hulirudia tukio. Lakini hakuna redio itakayokukumbusha wewe ulikuwa wapi. Na kitu kilichopotea kuliko vyote ni hisia: watu walidai walijisikia zamani kama wanavyojisikia sasa.

Basi habari nzito ijayo itakapofika Zongwe, Kalemie, Moba au Kigoma, chukua daftari usiku huohuo. Andika tarehe, mahali, jina la aliyekuambia, ulichokuwa umeshika mkononi, na ulivyojisikia, hata kama uliogopa. Kwa Lumumba na kwa noti za 1979 muda umekwenda: aliyekuwa na miaka 15 siku Munongo alipotangaza amevuka 75 leo. Nenda kwake wiki hii, umwandike kama anavyosema, bila kumsahihisha.