Tanki ya esanse inayovuja kwenye gari ya zamani: tupu haina maana ya salama

Hapa Goma gari za zamani hazijaisha. Kando ya pikipiki na Toyota za taksi, mara moja moja utaona Volkswagen Coccinelle kwenye parseli, gari ambayo mzee wa familia alinunua wakati wa Zaïre na watoto hawataki kuiuza kama vyuma. Gari kama hiyo inaweza kukaa miaka bila shida kubwa. Kiisha siku moja asubuhi harufu ya esanse inajaa ndani, na chini ya magurudumu ya mbele kuko alama ya maji-maji kwenye mawe.

Mwenye gari anaita fundi na kumwambia maneno ambayo mafundi wamezoea kusikia: «Papa fundi, nimeshatosha esanse yote, tanki iko tupu. Unipigie tu sudire kidogo.»

Kazi hiyo ndogo ndiyo inaweza kuunguza fundi, mwenye gari na watoto wanaochungulia.

Namna gani tanki tupu inalipuka?

Esanse yenyewe, ile ya maji-maji, si ndiyo inawaka. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Esanse inatoa mvuke huo hata kwenye baridi kali, sembuse kwenye jua la saa sita. Mvuke ukifika kati ya karibu 1,4 na 7,6 kwa mia ya hewa yote iliyo ndani, cheche moja inatosha kuulipua.

Tanki ya Coccinelle inabeba karibu litri 40. Ili nafasi hiyo yote igeuke kuwa bomu, inahitaji esanse ya kijiko kimoja tu cha chai. Na hakuna tanki iliyotoshwa esanse ikabaki bila hata kijiko kimoja: iko kwenye kona, kwenye maungio ya bati, ndani ya kutu. Watu wengine wanaiacha wazi siku mbili wakifikiri mvuke umeisha. Kumbe hewa imeingia, na mchanganyiko unaweza kuwa mubaya kuliko siku ya kwanza.

Jambo lingine: mvuke wa esanse ni muzito kuliko hewa, karibu mara tatu au nne. Haupandi juu. Unatambaa chini, unapita chini ya mulango, unafika kwenye babula ambapo mama anapika mbele ya nyumba. Ndiyo maana moto unaweza kuanza mbali na gari.

Kwa nini inatoboka

Adui wa kwanza ni maji. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanashuka chini ya tanki na kukaa hapo, yanakula bati polepole. Yanaingia kwa njia mbili. Tanki ikikaa nusu tupu muda murefu, unyevu wa hewa unageuka matone ndani yake. Na esanse ya bidoni, ile tunayonunua kwa kadhafi kando ya barabara, mara nyingine inakuja na maji na uchafu.

Nje pia kuko shida. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi ndani ya mvua, na kila mwenye nyumba hapa anajua namna mabati yanaoza mbio. Kwenye Coccinelle, tanki iko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva. Mpira wa boneti ukizeeka, maji ya mvua yanaingia na kukaa pembeni ya tanki. Kwenye gari nyingi za Toyota, tanki iko chini nyuma, na hapo mawe ya volkano ndiyo yanaigonga.

Kabla ya kushika chombo chochote

Sukuma gari nje, mahali penye hewa, mbali na babula, sigara na jenereta. Tosha waya wa batri, ule wa upande wa kutoa. Kwenye Coccinelle batri iko chini ya kiti cha nyuma. Weka ndoo za mchanga karibu. Kama kuko kizima-moto cha unga, ni vizuri zaidi. Usimwagie moto wa esanse maji, juu esanse inaelea na kusambaza moto.

Usivute esanse kwa mudomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mutu akiimeza, usimlazimishe kutapika, mupeleke hospitali. Fungua tuyo chini ya tanki, esanse ishuke ndani ya bidoni safi yenye kifuniko.

Kushusha tanki ya Coccinelle si kazi kubwa. Unafungua boneti ya mbele, unatosha waya wa geji na tuyo, unafungua bulo nne, unainua tanki kwa juu.

Tundu dogo, tundu kubwa

Ukiwa njiani, kipande cha sabuni ya kufulia kilichokandamizwa kwenye tundu kinaweza kuzuia esanse kwa muda, juu sabuni haiyeyuki ndani ya esanse. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, na bati ya pembeni ikiwa bado nguvu, linaweza kuzibwa kwa mastiki ya sehemu mbili, ile iliyoandikwa kwamba inavumilia esanse. Tanki iwe tupu, kutu ikwanguliwe kwa mukono mpaka bati ing'ae, kiisha mastiki iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Hakuna moto hapo, na ndiyo faida yake.

Kama bati inabonyea ukiigusa kwa kidole, au matundu ni mengi, sudire haina maana. Moto utatoboa pembeni, na mwezi ujao itavuja tena. Hapo ni kubadilisha tanki.

Ikibidi kusude, iwe kwa fundi mwenye ujuzi wa matanki. Tanki iwe imetoshwa kwenye gari, ioshwe zaidi ya mara moja kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kiisha ijazwe maji mpaka karibu na tundu, mudomo wake ukiwa wazi ili mvuke wa maji upate njia. Fundi akisema kuosha ni kupoteza wakati, tafuta fundi mwingine. Na kupitisha moshi wa ekzosi ndani ya tanki, namna wengine wanavyofanya, hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba umeondoa hewa yote.

Kubadilisha

Kwa Coccinelle, tanki za kubadilisha bado zinatengenezwa, lakini si zote zinafanana. Gari za kabla ya 1968 zinajazwa esanse ndani ya boneti. Kuanzia modeli ya 1968 kuko kifuniko nje, pembeni kulia. Usinunue kabla ya kuangalia hilo. Ukinunua ya okazyo, chungulia ndani kwa tochi, gonga chini kwa vidole, na uijaze maji dakika 30 kabla ya kulipa. Kiisha ikaushe vizuri, na uweke tuyo na filtre mupya.

Kuna wanaoacha tanki na kuweka bidoni ya plastiki karibu na miguu, na tuyo inakwenda kwenye injini. Bei yake ni ndogo, ni kweli. Lakini gari ikigonga hata kidogo, bidoni inapasuka na esanse inamwagikia abiria.

Tanki ikirudi mahali pake, tia kwanza litri tano tu. Subiri saa moja, pitisha karatasi kavu chini ya maungio yote na kwenye tuyo. Karatasi ikilowa au harufu ikirudi, usiwashe injini. Tosha esanse, anza upya. Gari imeshangoja miaka 50, inaweza kungoja siku moja zaidi.